Kafa au Hajafa?

Umeme ulikatika mguu wa Ferris Boyle, yule bosi mbaya wa katuni tuliyokuwa tunaiangalia, ukiwa bado hewani. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka, ingawa nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi mno tangu siku zile, hata sijui tena kipi nilikiona siku ile na kipi nimekiazima baadaye. Ninachokumbuka bila wasiwasi ni sauti. Deki ilitoa mlio kama mtu anayemeza mate, feni ikazunguka mizunguko mitatu minne ya bure, kukawa kimya. Bibi, aliyekuwa kakaa mkekani mgongo ukutani, akauliza gizani:

"Sasa yule mke, kafa au hajafa?"

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa ameshafika sebuleni mbio, kanga imemporomoka begani, anapiga kelele asiguse mtu friji. Friji ile ndiyo iliyokuwa duka letu. Juu kabisa, kwenye gandisho, zilikaa barafu za ubuyu na za ukwaju kwenye vimfuko vya nailoni, zimefungwa fundo moja moja kwa mkono wa Mama, na kesho yake zilitakiwa kuuzwa kwa watoto wa shule. Mama alitwaa blanketi, akalivisha friji kama anayemfunika mgonjwa wa homa, akaegemeza gunia mlangoni. Giza lile lilituchukua siku mbili.

Kanda nayo ilibaki ndani ya deki. Haitoki bila umeme. Kwa hiyo kwa siku mbili nzima Victor Fries, aliyekuwa anapigwa teke hilo, alibaki anaanguka, na mkewe akabaki hana jibu.

Tulikuwa Tanga, miaka ya tisini kati. Mjomba alikuwa Muscat, na kila akija likizo alishusha sabuni, maziwa ya unga, vitambaa vya kanzu na kanda za video alizorekodi kwenye televisheni za huko, maneno ya Kiarabu yanapita chini ya picha. Watoto tulikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Bibi hakuwa nacho kabisa, lakini alisoma chuo tangu utotoni na herufi aliziona, basi akawa anajaribu kuyasoma yale maneno kwa sauti kabla hayajapotea. Hakuwahi kuyamaliza. "Maandishi gani haya hayana irabu," alilalamika, kama vile aliyeyaandika ni mwanafunzi mvivu wa chuoni kwake. Akiyasoma hivyo hivyo, bila kuelewa neno, hadithi akaifuata kwa macho. Na nakuapieni, aliifuata vizuri kuliko sisi, maana sisi tulikuwa tunamsubiri stelingi apige ngumi.

Katuni yenyewe ilikuwa Batman: The Animated Series, na kipindi kile ni Heart of Ice. Kilirushwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 7 Septemba 1992, katika wiki ile ile ya kwanza ya mfululizo. Kaandika Paul Dini, kaongoza Bruce Timm. Ni dakika ishirini na kitu tu, na mwaka uliofuata zilimpatia Dini tuzo ya Emmy ya uandishi, katika kundi la vipindi vya mchana. Nayajua haya sasa. Wakati ule tulijua kwamba kuna adui mwenye kichwa ndani ya bilauri.

Habari yake ni hii. Mwanasayansi Victor Fries ana mke, Nora, anayeumwa ugonjwa usio na dawa. Anamgandisha ndani ya chombo cha kioo ili apate muda wa kutafuta tiba. Vifaa ni vya kampuni anayofanyia kazi, GothCorp, na bosi wa kampuni, huyo Boyle, anaona gharama tu. Anakuja na walinzi, anaamuru mitambo izimwe. Fries anamwambia utamuua. Boyle anampiga teke, Fries anaangukia meza ya kemikali, na tangu hapo mwili wake hauwezi kuishi ila kwenye baridi kali. Anajitengenezea vazi la chuma na bunduki inayogandisha, anakuwa Mr. Freeze, na kuanza kuiba kipande kimoja kimoja cha mtambo wa kumwangamiza Boyle.

Haya yote Batman anayaona kwenye kanda. Fries alikuwa anarekodi jaribio lake, kamera ikanasa kila kitu, na Batman anaikuta kanda hiyo katika kumbukumbu za kampuni. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaangalia kanda ya mtu anayeangalia kanda, na mtu wa ndani ya kanda anasema msizime umeme, na umeme wetu ukazimika. Kama ningeitunga hadithi hii ningeambiwa nimezidisha.

Kwa mtoto wa muuza barafu hakukuwa na haja ya kufafanuliwa ubaya wa Boyle. Tuliujua. Kuzima friji yenye kitu cha mtu ndani si jambo la kubishania.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu miaka mingi baadaye nilipoanza kutafuta huyu adui alitoka wapi, nilitegemea kukuta hadithi hii hii kwenye vitabu vya katuni, ya zamani na iliyo bora zaidi. Ndivyo tunavyodhani siku zote, kwamba kitabu ndicho kisima na televisheni ni ndoo. Nilikuta kisima kikavu.

Alianza kwenye Batman namba 121, toleo la Februari 1959. Kaandika Dave Wood, kachora Sheldon Moldoff, ingawa msomaji wa wakati ule asingemjua Moldoff, maana alichora kwa niaba ya Bob Kane na jina lililotajwa lilikuwa la Kane. Adui hakuitwa hata Mr. Freeze. Aliitwa Mr. Zero. Mke hana. Uchungu hana. Ni mwizi aliyepatwa na ajali akijaribu silaha ya kugandisha, basi akabaki mtu wa baridi, na anaiba almasi. Kwa nini almasi? Kwa sababu Wamarekani wa mtaani huziita barafu. Ndiyo hiyo tu, utani wa neno moja uliotembezwa kurasa kadhaa. Mwishoni bomba la mvuke linapasuka, mvuke unampata, anapona. Mtu katoka kuwa jini la baridi hadi kuwa mzima kwa dawa ya sauna.

Nisiwacheke sana. Nasi tulikuwa na gazeti la Sani, na humo Ndumilakuwili hakuhitaji kuelezwa kwa nini ni ndumilakuwili, wala Lodi Lofa kwa nini ni lofa. Jina ndilo tabia, tabia ndiyo kichekesho, toleo lijalo tunaanza upya. Mr. Zero alikuwa wa ukoo huo. Tatizo lake ni kwamba Lodi Lofa anachekesha.

Jina la Mr. Freeze lilitoka kwenye televisheni, ile Batman ya mwaka 1966 ya watu halisi na rangi za kupasua macho. Humo alichezwa na waigizaji watatu tofauti, George Sanders, kisha Otto Preminger, kisha Eli Wallach, jambo linalokuonyesha alivyokuwa hana uso wake mwenyewe. Mwaka 1968, kwenye Detective Comics namba 373, vitabu navyo vikakubali jina la televisheni. Zingatia hapo: miaka tisa tu tangu azaliwe, na tayari kitabu kinamfuata mtoto wa jirani. Baada ya hapo akawa wa kuokotwa pale mwandishi anapokosa adui mwingine wa wiki.

Ndiyo maana nasema Dini na Timm hawakutohoa kitu. Walikuta jina, bunduki na baridi, wakauliza swali ambalo kwa miaka thelathini na tatu hakuna aliyejisumbua kuliuliza: huyu mtu baridi imemfanya nini?

Umbo jipya Timm alimwomba Mike Mignola alichore, yule ambaye miaka michache baadaye angekuja kumleta Hellboy, shujaa mwingine wa vitabu vya katuni. Mignola hakuongeza vitu, alivipunguza. Kichwa chenye upara, miwani ya mviringo yenye vioo viwili vyekundu, bilauri juu, vazi zito lisilo na pambo. Unamwona amesimama na unajua hana haraka. Na nyuma yake giza, giza la kweli, maana mandhari za mfululizo ule zilichorwa kwenye karatasi nyeusi. Katuni nyingine huanza na karatasi nyeupe na kutia kivuli. Hawa walianza na usiku wakatia taa. Kwenye televisheni yetu ya inchi kumi na nne, kwenye kanda iliyorekodiwa na kuchezwa mpaka imechoka, nusu ya picha ilikuwa weusi mtupu, na weusi ule haukutupunguzia kitu.

Kisha sauti. Michael Ansara alitakiwa azungumze bila hisia, kama mashine, na akaitoa hivyo. Nilipokuja kujua kuwa Ansara alizaliwa Syria na kupelekwa Marekani angali mdogo, nilimkumbuka Bibi na Kiarabu chake kisicho na irabu, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Lakini sauti ile! Fries anasema maneno ya mapenzi kwa sauti ya mtu anayesoma bei za unga. Anapomkuta Batman amemaliza kuangalia kanda, anamwambia kwamba ingemliza na yeye, kama angekuwa bado na machozi ya kutoa. Baadaye, Batman akiwa ananing'inia kichwa chini, anamwambia habari ya kutembea siku ya joto, upepo wa moto usoni, na mkono wenye vuguvugu wa kushika. Kwa hilo, anasema, angeua.

Hapo ndipo mtu wa pwani anapopata kazi ya ziada. Kwa Wazungu baridi ni ukatili, joto ni mapenzi. Kwetu sisi, waliochomwa na jua kuanzia saa mbili asubuhi, mambo ni kinyume. Habari njema ni poa. Aliyeridhika moyo wake umepoa. Aliyekasirika ana moto. Na mpenzi, kama mtu yeyote aliyehudhuria harusi yenye taarabu anavyojua, ni barafu wa moyo. Jina la kipindi, Heart of Ice, linakusudia moyo uliokufa ganzi. Ukilitia kwenye Kiswahili bila kuangalia, linageuka kuwa jina la kumwita mke. Na la ajabu ni kwamba linamfaa. Nora ni barafu wa moyo wa Victor, kwa maana zote mbili, yetu na yao, hakuna hata moja unayoweza kuitupa. Dini asingeweza kujua. Kiswahili kilimfanyia kazi bure.

Kuhusu Boyle niseme mawili. Kampuni yake inajinadi kuwa ni kampuni ya watu, na Bruce Wayne, yaani Batman asipovaa kinyago, anapomtajia kauli hiyo ofisini, yeye anaigeuza kuwa mambo ya matangazo tu, wafanyakazi washukuru wana kazi. Usiku huo huo wa mwisho anapewa tuzo ya utu. Aliyemtolea sauti ni Mark Hamill, na ni baada ya kazi hiyo ndipo Hamill alipopewa sauti ya Joker, adui mkuu wa Batman, iliyomshikilia miaka na miaka. Kwangu mimi Boyle ndiye anayetisha zaidi. Joker anajua kuwa ni mbaya.

Na Batman? Batman ana mafua. Ndiyo, muda wote wa hadithi anapiga chafya. Mtumishi wake Alfred anamtilia supu ya kuku kwenye chupa ya chai na kumlazimisha aibebe. Bibi hakuwa shabiki wa mtu anayevaa masikio, ila hapo alimkubali: "Angalau nyumbani kwao kuna mtu mzima." Mwisho wa pambano, Fries amemkaba, Batman anaikumbuka chupa, anaipasua juu ya ile bilauri. Supu ya moto kwenye kioo cha baridi. Bilauri inapiga ufa, inapasuka, adui anaanguka. Hakuna sayansi ngumu hapo. Anayemimina chai ya moto kwenye bilauri iliyotoka kuoshwa kwa maji baridi, bila kutanguliza kijiko, anajua kinachofuata, na anajua pia nani atapigwa. Mimi nilijua kwa yote mawili.

Boyle wakati huo kagandishwa mpaka kiunoni. Batman anampa mwandishi wa habari ile kanda, na kabla ya kuondoka anamtakia Boyle usiku mwema kwa cheo chake cha tuzo. Anamwacha kwenye barafu. Sijawahi kuona stelingi wa katuni akifanya jambo la baridi hivyo kwa haki hivyo.

Lakini nimeruka. Siku ile hatukufika huko. Siku ile tulibaki na swali la Bibi.

Bibi hakuuliza kwa udaku. Dada yake, ambaye sisi tulimwita Bibi Mdogo, aliolewa na baharia. Mume alipanda meli hapo hapo bandarini Tanga, enzi za mkonge, akaandika barua mbili, ya tatu haikuja. Miaka ikapita. Wapo waliomwita mjane na wapo waliomwita mke wa mtu. Eda hakukaa, maana eda ya nani? Kuolewa hakuweza mpaka wazee na masheikh walipokaa wakaamua, na walipoamua alikuwa ameshazoea kutandika kitanda kwa mtu mmoja. Habari hizi niliambiwa nikiwa mkubwa. Siku ya kanda nilisikia tu Bibi akirudia swali lake asubuhi, huku anapepeta mchele uani, hamuulizi mtu: kafa, au hajafa.

Inavyoonekana watengenezaji nao walikuwa hawajaafikiana. Ndani ya Heart of Ice kila kitu kinakuelekeza kuwa Nora amekwisha: Fries anaongea na mwanasesere mdogo wa kike anayecheza ndani ya tufe la theluji, anaapa kulipa kisasi, anaomba radhi kama mtu anavyoomba kaburini. Novemba 1994 wakatoa Deep Freeze, na humo tajiri mmoja anamwonyesha Fries kwamba Nora yumo bado ndani ya kioo chake, hai. Mwaka 1997 Dini aliandika kitabu chenyewe cha Mr. Freeze, na hapo Nora akaingia rasmi kwenye vitabu vya katuni, yaani hadithi iliyotungwa na televisheni ikawa ndiyo asili ya mtu aliyechapishwa mwaka 1959. Mtoto akamzaa baba. Mwaka huo huo Arnold Schwarzenegger alimwigiza kwenye filamu Batman & Robin, akiwa amepakwa rangi ya fedha na anatoa vichekesho vya barafu mfululizo, na kwa dakika nyingi pale unamwona Mr. Zero amefufuka. Mwaka 1998 ikaja SubZero, filamu ya katuni, na mwishoni Nora akazinduliwa.

Kisha 2012. Kwenye Batman Annual namba 1 ya mfululizo mpya, Scott Snyder na James Tynion wakageuza meza: Nora si mke wake kabisa. Ni mwanamke aliyezaliwa 1943, kagandishwa kabla Victor hajamjua, na Victor kamwandikia tasnifu mpaka akajiaminisha ni wake. Wengi walikasirika. Mimi niliona ni ujanja mkubwa wenye roho ya choyo. Inamgeuza mwenye msiba kuwa kichaa, na kichaa tunao wa kutosha Gotham, mji wa Batman. Ila kuna jambo moja wale waandishi walikuwa wameliona, na nakiri mimi mwenyewe sikuliona mpaka mke wangu aliponiuliza baada ya kumwonyesha kipindi kile: "Huyo mwanamke kasema nini?" Hakusema kitu. Kipindi kizima ni mapenzi ya Nora, na Nora hana hata sentensi moja. Hatujui kama aliridhia kuwekwa mle. Hatujui alikuwa anapenda nini.

Ilibidi isubiriwe mpaka 2019, kwenye Detective Comics ya Peter Tomasi, ndipo Nora alipoamka kitabuni na kuachiwa apitishe siku zake. Akavaa vazi la baridi kama la mumewe, akauonja uhalifu, akaona mtamu. Hadithi yenyewe si bora, inakimbia sana. Lakini nilipenda kwamba aliyesubiriwa miaka yote hiyo alipofungua macho hakuwa yule aliyekuwa akiongelewa kwenye tufe.

Umeme ulirudi siku ya pili usiku, saa tatu hivi. Mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha, kama kawaida. Mama alikwenda kwenye friji, sisi kwenye deki. Boyle akamalizia teke lake. Supu ikamwagika. Tukafika kwenye chumba cha gereza chenye baridi, Fries amekaa peke yake na mwanasesere wake, anamwambia nimeshindwa, unisamehe, kama unanisikia huko uliko. Theluji inaanguka.

"Sufi hiyo?" Bibi aliuliza. Tukamwambia ni theluji, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Akaitazama ikianguka mpaka picha ikakatika na kanda ikaingia kwenye mechi ya mpira iliyokuwa chini yake, aliyoirekodia juu Mjomba.

"Kafa," Bibi akasema. Akanyoosha miguu. "Mwacheni akae matanga yake."

Asubuhi yake Mama alituita jikoni. Barafu zilikuwa zimeyeyuka zikaanza kugandana upya, ubuyu na ukwaju, nailoni kwa nailoni, bonge moja haliuziki kwa mtu. Akaliweka kwenye sinia, akachukua mchi, akalipasua, na kipande cha kwanza akampelekea Bibi.